Kamera ya kwanza: kabla ya kuhesabu megapikseli, tazama reli ya flashi

Kila msimu wa mahafali napokea ujumbe wa aina moja: "Dada, nimenunua kamera mpya, nimeifungua mwenyewe kwenye boksi, lakini flashi yangu haiwaki." Wa karibuni aliniandikia kijana wa Nkuhungu, hapa Dodoma, akiwa na sendofu ya kupiga Jumamosi hiyo hiyo. Alikuwa ameshabadilisha betri, ameshaazima flashi ya mwenzake, ameshairudisha kamera dukani. Muuzaji alibonyeza kitufe cha majaribio mgongoni mwa flashi, mwanga ukapiga, akamwambia, "Si unaona inafanya kazi? Wewe ndiye hujajua kuitumia."

Kijana akaondoka na aibu isiyo yake. Kitufe kile kinapima flashi peke yake, hata ukiishika mkononi bila kamera. Tatizo lilikuwa kwenye kamera: haina pini ya kati, na pale dukani hakuna aliyejua au aliyetaka kusema.

Basi mwongozo huu wa kamera za DSLR (zile zenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha) za kuanzia nauanzia hapo. Megapikseli nazipita haraka: zote nitakazozitaja zina kati ya 18 na 24, na bibi harusi akishaiweka picha yako kwenye status ya WhatsApp hakuna atakayejua ilikuwa na ngapi. Anayekuuzia kamera kwa kukusomea megapikseli hana kingine cha kukuambia.

Pini ya kati

Ishike kamera uitazame kutoka juu. Juu ya kitundu cha kuchungulia kuna reli ya chuma ambamo mguu wa flashi unateleza na kukaa. Ndani ya reli hiyo kuna vidoti vya chuma. Kimoja ni kikubwa, cha mviringo, kiko katikati kabisa. Vingine ni vidogo na vimekaa karibu yake. Kile kikubwa ndicho pini ya kati, na kazi yake ni rahisi sana. Shata (pazia la ndani linalofunguka ukipiga picha) ikishafunguka yote, kamera inaunganisha pini ile na chuma cha reli, njia ya umeme inakamilika, flashi inalipuka. Ndiyo maana flashi moja isiyo na makuu unaweza kuipachika leo kwenye Nikon, kesho kwenye Canon ya zamani, na kote ikawaka. Vile vidoti vidogo ni vya mazungumzo ya ndani kati ya kamera na flashi ya kampuni yake: kiasi cha mwanga, umbali wa lenzi, mambo ya TTL, yaani kamera kujipimia yenyewe mwanga wa flashi.

Sasa Canon wameamua kwamba mnunuzi wa kamera ya chini hahitaji kile kikubwa. Kwenye 2000D na 4000D za mwaka 2018, kisha 250D ya mwaka 2019, katikati ya reli hakuna pini. Vidoti vidogo vimebaki, kwa hiyo flashi za Canon wenyewe zinawaka vizuri tu. Lakini Godox TT600 haiwaki. Yongnuo YN560 haiwaki. Zile triga ndogo (vifaa vya kuwasha flashi kwa mbali) za Yongnuo za RF-603 haziwaki. Yaani vitu vyote ambavyo mpiga picha anayeanza hapa Dodoma anamudu kununua ndivyo vilivyofungiwa mlango, na fundi hawezi kukusaidia kwa sababu hakuna kilichoharibika.

Kuna triga na flashi mpya za Godox za TTL kwa ajili ya Canon ambazo zimewekewa programu ya kuzitambua kamera hizi. Ziko, lakini bei yake si ya TT600, na usikubali kulipa kabla hujaiona ikiwaka juu ya kamera yako mwenyewe.

Njia ya mkato ambayo vijana wanaambiana ni kuinua flashi ndogo ya kamera, halafu ile flashi kubwa kuiweka pembeni kwenye hali ya S2, iwake ikiona mwanga wa ile ndogo. S1 haifai hapo, kwa sababu flashi ya kamera hutangulia kutoa mmweko wa kupimia na ile kubwa inaudhani ndio wenyewe. Chumbani kwako njia hii inafanya kazi vizuri. Ukumbini, wakati wa kukata keki, kuna wapiga picha wengine wawili na mashangazi wenye simu. Kila mwenzako akipiga, flashi yako nayo inaitikia. Ukija kubonyeza wewe, yako ndiyo kwanza inajaza chaji, na picha inatoka nyeusi huku mume akiwa ameshamlisha mke keki. Hutamwambia arudie.

"Mimi sipigi na flashi"

Najua wapo watakaosema wao ni watu wa mwanga wa asili. Sawa. Nenda mahafali pale UDOM saa sita mchana, jua liko utosini, mhitimu kavaa kofia yenye kingo pana na uso wote uko kivulini, nyuma yake anga la bluu na vumbi jekundu linalong'aa. Ukipima mwanga wa uso, anga inakuwa karatasi nyeupe. Ukipima anga, mhitimu hana macho. Dawa ni flashi ya kujazia. Na kamera zote hizi, Canon na Nikon, zinaishia kasi ya shata ya 1/200 ya sekunde ukitumia flashi ya kawaida. Kwa jua kali namna ile na ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga), 1/200 inakupeleka kwenye f/11, yaani tundu la lenzi limebanwa sana. Kwenye f/11 unahitaji flashi yenye nguvu za kweli; ile ndogo ya kamera itaishia kumulika koti la mhitimu.

Usiku ndiyo usiseme. Lenzi inayokuja kwenye boksi, 18-55, ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu. Kumbi zetu zina dari ndefu na taa za DJ za zambarau na kijani. Pandisha ISO mpaka 6400 upate chenga, na ngozi ya mama mzazi iwe rangi ya biringanya. Mteja hakulipi kwa hilo.

Majina yanayofanana

Kabla sijapanga nafasi, jihadhari na majina, maana kamera moja ina majina ya kila bara. 2000D ukiikuta kutoka Asia imeandikwa 1500D, ya Marekani ni Rebel T7, ya Japani ni Kiss X90. 4000D ni 3000D na ni Rebel T100. Mkanganyiko unaowaumiza watu zaidi ni wa 250D, ambayo Asia inaitwa 200D II, Marekani Rebel SL3 na Japani Kiss X10. Sasa 200D ya kwanza, ya mwaka 2017, ina pini ya kati. 200D II haina. Muuzaji anaandika "Canon 200D" kwenye tangazo, ule mstari wa II anaumeza, na wewe unasafiri na SGR mpaka Dar kufuata kamera siyo. Usibishane naye kwa jina. Mwambie akupigie picha ya reli kwa karibu, akutumie. Akikutumia picha aliyoitoa mtandaoni, umeshapata jibu lako.

Nafasi zangu

Mimi ni mtu wa Nikon na sifichi. Ningekuwa wa Canon, mwongozo huu ungekuwa na mpangilio mwingine na pini ya kati ingetajwa kwenye mstari mmoja, pale chini. Nikon wana vituko vyao, nitavitaja, lakini hakuna DSLR yao ya kuanzia katika hizi iliyonyimwa pini.

Ya kwanza ni Nikon D5600. Ilitoka mwishoni mwa 2016, ina megapikseli 24.2, nukta 39 za kufokasi, picha 5 kwa sekunde, kioo cha kugusa kinachofunguka na kugeuka upande, na tundu la maiki ya nje. Betri yake kwa kipimo cha kiwandani inafika picha 970. Hizo nukta 39 ndizo unazolipia. Bibi harusi akiingia ukumbini anacheza na msafara wake hakai katikati ya fremu. Nukta zilizosambaa zinakuwezesha kumkamata usoni akiwa pembeni bila kuhamisha kamera kwanza. Kioo cha kugeuka kinakusaidia ukiinua kamera juu ya vichwa vya watu kanisani. Na ina kitu ambacho Dodoma hakikwepeki: inajitikisa sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ili vumbi lidondoke.

Hapo naomba nikae kidogo. Kuanzia Juni mpaka mvua zije, upepo wa hapa haubishi hodi. Ukibadilisha lenzi pale Nyerere Square umekaribisha vumbi kwenye sensa. Ukipiga na lenzi iliyofunguka hulioni. Ukifika kwenye ile f/11 ya mchana, vidoti vyeusi vinajaa angani, na kila picha utaisafisha moja moja kwenye kompyuta. Nikon waliondoa mtikisiko huo wa sensa kwenye D3400, na D3500 nayo haina. Hicho ndicho kituko chao nilichosema nitakitaja, na ni kikubwa kwa mtu anayeishi huku kuliko kwa mtu wa Tanga.

Kwa sababu hiyo nafasi ya pili naipa Nikon D3300 iliyotumika, ingawa ni ya mwaka 2014. Wengi watashangaa. Sensa ni ya megapikseli 24.2 vilevile, inajitikisa, ina tundu la maiki, inapiga 5 kwa sekunde. Nukta za kufokasi ni 11 tu, kioo hakigeuki wala hakigusiki, na haina Wi-Fi ndani, utahamisha picha kwa kadi kama zamani. Ukiiunganisha na lenzi mpya za AF-P hakikisha programu yake imesasishwa, vinginevyo haitafokasi. D3200 usiichukue kwa lenzi hizo. Yenyewe haizikubali kabisa.

D3500 ya mwaka 2018 ni ya tatu. Nyepesi, inashikika vizuri mkononi, na betri yake ni maajabu: picha 1,550 kwa chaji moja, ambayo ni harusi nzima na kuvunja jungu juu yake. Kama unapiga studio au nyumbani na lenzi huibanduibandui, ipandishe mpaka ya pili. Lakini haina maiki ya nje na haijisafishi. Nunua pampu ya mpira ya kupulizia siku hiyo hiyo, na usipulize kwa mdomo, mate yakikauka kwenye sensa ni kazi nyingine.

Jambo moja kwa zote tatu: ndani ya bodi hazina mota ya kufokasi. Lenzi ya 50mm ya zamani yenye herufi D, ambayo Kariakoo watakupa kwa bei nzuri wakikuita "dada yangu", itakaa, itapiga, lakini utafokasi kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S au AF-P.

Ya nne, kwa wale ambao Canon iko moyoni, ni 200D ya kwanza. Pini ipo, maiki ipo, kioo kinageuka. Kwenye kitundu cha kuchungulia ina nukta 9 tu, na betri inafika picha 650. Nitasema haki yake: kwa video inaiacha mbali Nikon yoyote niliyoitaja. Ukipiga kwa kutazama kioo, ile fokasi yao ya Dual Pixel inamfuata mtu anayetembea kwa utulivu, wakati Nikon inahangaika mbele na nyuma mpaka aibu. Kama kazi yako nusu ni video za kwaya, ipandishe juu ya D3500 na usiniambie.

250D ni kamera nzuri iliyokatwa kidole. Megapikseli 24.1, gramu 449 ikiwa na betri na kadi, betri ya picha 1,070, inarekodi 4K ingawa inakata pembe za picha. Inunue tu kama bajeti yako ina nafasi ya flashi ya Canon yenyewe. Na usidanganyike na ile ndogo ya EL-100: inatumia betri mbili za AA na namba yake ya nguvu ni 26. Kwa jua la mahafali anza na 430EX III-RT. Jumlisha bei ya vyote viwili, kisha rudi juu usome tena D5600.

2000D na 4000D. Hazina pini, hazina maiki, hazijisafishi. 4000D hata pale lenzi inapojifunga ni plastiki, na kitundu cha kuchungulia hakina kigurudumu cha kurekebisha kwa mwenye macho ya miwani. Kwa picha za familia, haya. Kwa biashara, hapana. Kama fedha yako inaishia hapo, tafuta 1300D iliyotumika. Ni ya 2016 na pini inayo.

Dukani

Nikon waliacha kutengeneza D3500 na D5600, kwa hiyo nyingi utakazozikuta ni mtumba, na mtumba una maswali yake. Hapa napo Nikon inanipendeza: kila picha inabeba ndani yake hesabu ya shata, yaani kamera imeshapiga mara ngapi. Piga picha moja palepale, ipeleke kwenye simu au kompyuta, isome kwa programu ya kufungua taarifa za picha. Canon hizi za kuanzia haziandiki hesabu hiyo kwenye picha, mpaka uunganishe kamera na programu maalumu, na ndiyo maana kila Canon ya mtumba ninayooneshwa imetumiwa "na daktari mmoja, wikendi tu".

Nenda na flashi yako, hata ya kuazima, ile ya pini moja. Iwashe, isukume mpaka mwisho wa reli, kaza kigurudumu, halafu bonyeza shata ya kamera. Shata ya kamera, siyo kitufe cha flashi. Muuzaji akikuwahi na kidole chake kwenye kile kitufe, mwambie asante na ubonyeze mwenyewe.

Na hizi kurasa za Instagram za kuuza kamera, kwa nini bei ni siri? "Bei njoo DM." Ukienda DM anakuuliza uko wapi. Ukisema Dodoma bei inapanda, kwa sababu huku wanajua mtu hawezi kuzunguka maduka kumi kabla ya chakula cha mchana, na wakati wa Bunge la bajeti wanadhani kila mmoja wetu ni mheshimiwa. Ukisema Dar, unapelekwa kwa winga, winga anakupeleka kwa winga mwenzake, na kila mmoja anaweka chake juu. Kisha linakuja swali ninalolichukia kuliko yote: "Unataka ya risiti au bila risiti?" Bei waliyokutajia mwanzo haikuwa na risiti, ukiitaka ya EFD unaongezewa VAT ya asilimia 18 kana kwamba wewe ndiye uliyeitunga. Chukua yenye risiti. Bila hiyo, siku flashi imegoma na wewe umerudi kaunta, ile "warranti ya mwaka mzima" inageuka kuwa namba ya simu ambayo haipatikani.

Boksi nalo lifunguliwe mbele yako. Nimeona maduka yanatoa betri na chaja halisi, yanaweka za kuigiza, kisha zile halisi zinauzwa peke yake kama vifaa vya ziada. Lenzi ya 18-55 iangalie kama imeandikwa VR kwa Nikon au IS kwa Canon, kwa sababu zipo zisizo na kitulizi cha mtikisiko, zinafanana kabisa, na huwa zinaingizwa kwenye boksi bila maelezo. Ukiuliza wanakwambia zote ni moja. Kama zote ni moja, wakupe yenye VR kwa bei hiyo hiyo.